Wavu Uliokatwa

Kila asubuhi Tamsin aliwafungulia kuku, akaleta kuni ndani, kisha akanywa chai na nyanya yake, Bibi Honor, bila mazungumzo mengi. Mama yake alifanya kazi hospitalini mjini Exeter, na alikuja Jumapili tu. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mashamba mawili. Jamani, upweke ule! Mtoto alifikia hatua ya kuhesabu magari yanayopita, na siku nyingine hayakupita.

Chumba chake kilikuwa juu, chini ya paa nene la mabua ya ngano. Akinyoosha mkono dirishani, aliligusa. Paa zima lilifunikwa wavu wa waya ili ndege wasichomoe mabua. Shomoro walitua, wakahangaika, wakaenda zao. Siku moja ya Machi Tamsin alichukua koleo la Bibi, akakata wavu juu ya dirisha. Mwezi uliofuata alikuwa na majirani saba wenye kelele, kila mmoja na jina lake.

Oktoba, makinda wakiwa wamesharuka, mvua ilinyesha wiki nzima. Maji yalipenya mahali pale shomoro walipochomoa mabua, yakashuka ukutani hadi chumba cha chini. Kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo, na udongo ukilowa humeguka. Bonge likadondoka kwenye mto wa kulalia wa Bibi.

"Luscombe huyu! Aliezeka paa hili mwaka jana tu, kumbe alilipua kazi," Bibi alifoka. "Jumapili kanisa zima litajua!"

Mzee Luscombe alikuja na ngazi yake. Alikuwa ameezeka nusu ya kijiji, na baba yake nusu nyingine. Alitazama doa la maji ukutani, akavua kofia.

"Honor, sijui nilikosea wapi. Kama ni mimi, basi hili ndilo paa langu la mwisho."

Tamsin alikuwa mlangoni, akiwasikiliza. Akisema, Bibi atamkasirikia, na hapo atabaki na nani? Lakini mzee alikuwa ameinama, akiikunjakunja kofia.

"Siyo yeye, Bibi! Ni mimi. Nilikata wavu."

"Ulikata wavu? Kwa nini, wewe mtoto?"

"Nilitaka shomoro waje. Sina mtu wa kuzungumza naye."



"Wavu nitauziba leo," alisema Mzee Luscombe. "Na wewe, binti, utanipa mabua."

Walifanya kazi hadi jioni. Bibi alimwomba mzee radhi, akampa mkate na jibini.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema baadaye. "Ungenyamaza, ukuta ungeanguka, na jina la mtu mwaminifu nalo lingeanguka. Umesema, tumeziba. Siku nyingine ukiwa na jambo moyoni, niambie mapema. Na mimi nilipaswa kukuuliza."

Akapandisha kiti chake hadi dirishani kwa Tamsin, akaketi.

"Haya, nitajie majina yao. Wote saba."