Nyimbo Zilizotafunwa

Jirani yetu tulimwita Fundi Meno kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Mtu wa watu, mcheshi, ila kwa vifaa vipya hakuwa na subira hata chembe. Karatasi ya maelekezo kwake ilikuwa ya kufutia meza. Jumatatu moja mchana alinunua mashine ya kuchezea muziki, ndogo, yenye kioo mbele, akaiweka sebuleni. Alitaka kuiunganisha na kisanduku cha diski kilichokaa stoo, alimohifadhi mafaili yake yote, ili nyimbo zipite kwenye mtandao wa nyumbani na kusikika kwenye spika.

Zilikuwa nyimbo sita, za mama yake, aliyefariki miezi mitatu nyuma. Mama aliziimba akikunja nguo, mwanawe akamrekodi kwa simu. Simu ilishaharibika, kwa hiyo nakala pekee ilikuwa ndani ya kile kisanduku. Na dada yake Fundi, aliyekuwa mbali na hakuwahi maziko, alikuwa anakuja Jumamosi kuzisikia.

"Sitaki vyombo wala nguo zake," dada alimwambia kwenye simu. "Nisikie sauti ya mama tu, kaka."

Muuza duka alikuwa amemwonya. "Kaka, ukiunganisha, ipe mashine ruhusa ya kusoma tu. Usiipe ya kuandika wala ya kufuta." Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, huku mguu mmoja uko nje. Sasa mashine ikamkatalia nenosiri mara tatu. Mara ya nne ikaiona folda, lakini tupu. Subira ikamwisha. Akatia alama kila mahali: kusoma, kuandika, kufuta. Nyimbo zikajipanga kwenye kioo, moja hadi sita.

"Ni hivyo tu," akajisemea. "Kumbe maneno yote yale ya nini?"

Akajipakulia chakula, akala akisikiliza. Wimbo wa kwanza ukamlegeza mabega. Wa pili akauimba naye. Katikati ya wa tatu sauti ya mama ikakatika, na mtu akaanza kutafuna.

Alitafuna mdomo wazi. Mate yalivutana, kitu laini kikageuzwa shavu hili na lile, kikamezwa. Na kila baada ya matafuno matatu, kak. Fundi akatema tonge kwenye sahani. Mlio ule aliujua. Seti ya chini ya meno bandia ya mama, upande wa kushoto, aliikosea yeye mwenyewe kuichonga, ikawa inagonga. Miaka miwili mama alimwambia, "Yananibana, mwanangu," naye akamjibu kesho, kesho. Kuyasawazisha kwa tupa ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini meno ya wateja aliyashika kutwa bila kusikia lolote. Ya mama, na ute wake na masalia ya chakula, yalimtia kichefuchefu. Aibu kubwa, ila ndiyo kweli yenyewe. Siku ya kumzika alimvalisha meno hayo kwa glavu mbili, uso ameugeuzia ukutani.

Jumanne wimbo wa tatu ulikuwa mtafuno mtupu, mwanzo hadi mwisho. Jumatano ukaliwa wa kwanza na wa nne. Akaenda kuiondolea mashine ruhusa; alama alizozifuta zikarudi mbele ya macho yake. Akachomoa waya, mtafuno ukaendelea. Akajaribu kuuhamishia wimbo wa sita kwenye simu mpya. Nakala ikafika imetafunwa, na wimbo wenyewe ukapungua sekunde kumi. Hakuthubutu tena.

Kioo cha mashine kikaanza kuota mafuta. Alikifuta, kitambaa kikatoka na utelezi wa njano. Stoo ikanuka kikombe cha meno kisichomwagwa maji wiki nzima. Yeye mwenyewe akashindwa kula.

Ijumaa saa tisa mchana zilikuwa zimeliwa tano. Ulibaki wa sita. Fundi akaingia sebuleni na kukuta kikombe juu ya mashine. Ndani yake, kwenye maji mazito, meno ya mama.

Spika ikanong'ona. "Yananibana."

Akaelewa. Kazi ile ile ya tupa aliyoiahirisha miaka miwili. Dakika tano.

"Sawa, mama," akanong'ona. Akavaa glavu. Akayainua.

Yalikuwa ya moto. Uzi wa ute ukayafuata kutoka kikombeni, mrefu, haukatiki. Katikati ya meno kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kilichotafunwa nusu. Kikacheza.

Akatupa meno, kikombe na glavu kwenye mfuko, akaufunga fundo tatu, akaukimbiza hadi kwenye gari la taka lililokuwa linapita mtaani. Akaliona likisaga. Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawasha.

Jumamosi dada akafika. Hata mkoba hakuweka chini. "Niwekee."

Fundi akaweka wimbo wa sita. Hakukuwa na mtafuno, naye akashusha pumzi. Sauti ya mama ikatoka. Ilikuwa yake kabisa. Lakini haikuwa na meno. Fizi ziligongana kwa unyevu, maneno yakatoka uji, wimbo ukamwagika kidevuni. Hakuna neno hata moja lililosikika. Dada akasikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni. Kioo kikawa kitupu.

"Huyu ni nani?" akauliza polepole.

Fundi akakifuta kioo kwa kiganja.

"Nimesafiri siku mbili, kaka. Mama alikuwa anatamka. Umemfanya nini?" Kisha macho yake yakahamia juu ya mashine. "Na hiki kikombe cha nani?"

Kilikuwa pale pale, maji yakitikisika. Ndani ya maji hamkuwa na meno.

Fundi akafungua mdomo amjibu. Chini, upande wa kushoto, kukagonga. Kak.

Na yeye ana meno yake yote ya kuzaliwa. Ukikaa naye mezani hata leo utausikia mlio huo, kila matafuno matatu. Mlio wa tatu ukifika, anasukuma sahani.