Mshale Uliofuta Majibu ya Jana

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi mama yake, mpimaji wa usalama wa maji ya bomba. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hiyo mama alimpa kazi ya kweli. "Andika amri kwenye kompyuta kama nilivyokufundisha, majibu ya vipimo vya leo yatokee kwenye skrini. Uyasome tu. Usiongeze mshale, sawa?"

Mshale ni alama ya > inayopeleka majibu kwenye faili badala ya skrini. Mama alipotoka kupokea simu, Chiriku alijiona fundi. Kusoma tu, kama mtoto wa chekechea? Akaongeza mshale, na jina la faili aliloliona hapo. Alipolifungua, alikuta balaa. Majibu ya jana yalikuwa yamefutika, na ya leo yamekaa mahali pake. Ya jana mama alikuwa hajayasoma, na kliniki ya mtaa ilikuwa inayasubiri ijue maji yapi si salama.

Kwa mara ya kwanza mdomo wake ukawa mzito. Angeweza kusingizia umeme. Unakatika kila mara, nani angebisha? Mara mhudumu wa usafi akaingia, akafungua friji na kuanza kutoa chupa za maji yaliyopimwa jana ili akazimwage.

"Mjomba, subiri! Usimwage!" Chiriku alipiga kelele, kisha akatoka mbio hadi kwa mama. "Mama, nimeharibu. Niliongeza mshale. Majibu ya jana yamefutika yote."

Mama alikata simu. Hakugomba, lakini macho yake yalitosha. Alivaa glavu, akaanza kupima upya chupa moja baada ya nyingine, huku Chiriku akizikausha na kumpa. Walipofika katikati, mama alisimama ghafla.

"Hii ni ya bomba la shule yenu. Maji yake yamechanganyika na majitaka."

Alipiga simu shuleni papo hapo, bomba likafungwa. Chiriku alikuwa analia kwa aibu.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Lakini sikiliza. Kompyuta inatii tu, haikuulizi kama una hakika. Kwa hiyo yaone majibu kwenye skrini kwanza, ndipo uyahifadhi, tena kwa jina jipya. Na ukikosea, sema mapema. Ungenyamaza leo, kesho mngeendelea kuyanywa maji haya, wewe na wenzako."