Pini Nne Kwenye Mto wa Kiti

Saa kumi na moja jioni Mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima alifungua darasa, akatazama ukuta. Chati yake ya maneno ya kiofisi yanayochanganya watu, aliyoiandika kwa mkono wake, haikuwepo. Na mtihani ulikuwa kesho.

"Aliyeichukua hafanyi mtihani," aliwaambia wanafunzi walioingia nyuma yake, macho yakimwendea Makanika.

Makanika alishafeli mara mbili, na wiki nzima alikuwa akiilaani chati ile mbele za watu. Bila cheti, kazi ya karakana ya uwanja wa ndege angeisikia redioni. Tena ukutani palikuwa na alama nyeusi ya kidole.

"Oili hiyo," alisema Mwalimu.

Bibi wa dawati la mbele alisimama. Walimwita Afande, kwa kuwa alistaafu upelelezi, na tangu astaafu hakuna aliyemwibia hata kuku. Kwa kweli alifurahi mno kupata kesi.

"Alama ina vumbi juu yake," alisema. "Ni ya zamani. Huyu mwanangu husoma kwa kidole."

Kisha akaona pini nne za chati. Zilikuwa zimechomekwa kwenye mto wa kiti cha Mwalimu, zimejipanga mstari.

"Makanika, ukifungua skrubu unaziweka wapi?"

"Kwenye kifuniko, Afande. Zisipotee."

Afande akachomoa pini moja, akampa Fundi Cherehani, ambaye tangu aingie hakuwa amefungua kinywa. "Nishikie, baba."

Fundi akaipokea, na bila kufikiri akaichomeka kwenye mto, sambamba na zile tatu. Alipoona mkono wake umefanya nini, akakaa chini.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu, muhula mzima chati imekunjamana mbele yangu. Mimi ni fundi, nilikuwa siwezi tena. Jana mlipotoka nikaichukua ili nikaipige pasi."

"Karatasi, Fundi?"

"Moto mdogo. Mteja akaja kuchukua suruali, nikageuka kidogo tu." Akaitoa chati mkobani. Katikati palikuwa na doa la kahawia, umbo kamili la pasi. "Nikaona haya kusema. Makanika, ndugu yangu, nisamehe."

Mwalimu aliliinamia doa.

"Hapa palikuwa na maneno gani?" aliuliza.

"Imply na infer," alijibu Makanika kabla ya wote. "Imply ni msemaji anapodokeza jambo bila kulitamka. Infer ni msikilizaji anapong'amua mwenyewe. Pini zimedokeza, Afande kang'amua. Mimi nimeonewa tu."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Nimekukosea, Makanika. Kesho njoo mapema."

Akaitundika chati na doa lake. Afande alirudi dawatini akiwa na raha ya mtu aliyekula akashiba.

Cheti cha Makanika kilipotoka, alikileta darasani ndani ya bahasha, kimekunjwa mara mbili. Kilizungushwa mkono kwa mkono, watu wakimpongeza, hadi kikamfikia Fundi. Akapitisha kidole taratibu juu ya mikunjo.

"Ndugu yangu," alisema, "niachie hadi kesho, nikunyooshee."

Makanika akakinyakua, akakitia ndani ya ovaroli, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.