Jicho la Ajna

Samaki walikuwa wamekaa kinyume. Ferid Kulašić aliwaona kutoka juu ya ukingo, trauti kumi na kitu wamejipanga juu ya changarawe, na wote walikuwa wameupa mkondo mkia. Samaki wa mto wenye kasi hukaa mdomo ukielekea mto unakotoka, maana riziki yake inatoka huko. Ferid alikuwa amewatazama samaki wa mto Una kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyekaa hivyo kwa hiari yake. Vichwa vyote vilielekea chini, kwenye bwawa la kinu cha maji.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Bila miwani mto ulikuwa mng'ao mtupu, jua la jioni limelala juu ya maji kama bati jipya. Akiivaa, mng'ao ulikatika na mto ukafunguka hadi chini, jiwe kwa jiwe. Hiyo ndiyo kazi ya miwani ile, na Ferid alikuwa na jicho la kuitumia. Wenzake walisema angeweza kukuonyesha samaki hata kwenye glasi ya chai.

"Baba, umelala huko juu?" Ajna aliita kutoka chini. Alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, fimbo mkononi, miwani yake ya njano usoni ili ndoano isije ikapeperushwa na upepo ikamrudia machoni.

"Nyamaza, unawatisha samaki."

"Wanaotishwa ni wale waliouona huo uso wako. Niambie nirushe wapi, giza linaingia."

Ndivyo walivyofanya kazi, baba na binti. Ferid alisimama juu, aone. Ajna alisimama ndani ya maji, arushe. Mtu aliye chini, hata awe na miwani ya namna gani, haoni sana, kwa hiyo Ajna alirusha mahali alipoambiwa, na alimwamini baba yake kama mtu anavyoamini ngazi za nyumbani kwake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake alifariki mapema, wakabaki wawili, na Ferid hakuwa na kitu kingine duniani ambacho angekililia.

Sasa, watu wa bonde lile hawatii kitu kwenye maji ya kinu jua likishaelekea kuzama bila kusema bismillahi. Vinu vina wenyewe, kila mtu anajua. Lakini mvuvi wa ndoano ya manyoya, ile inayoigiza mdudu, ana shida yake. Uzi wake ni mwembamba kama unywele, na fundo lazima lilowanishwe kwa mate na kukazwa kwa meno. Kinywa cha anayerusha kimejaa uzi, basi bismillahi husemwa na yule aliye ukingoni. Ferid alikuwa akimsemea Ajna tangu msichana alipoanza kushika fimbo.

Jioni ile alikuwa na neno hilo ulimini hasa. Ndipo alipokiona kivuli. Kilikuwa chini kabisa ya bwawa, nyuma ya gurudumu bovu la kinu, kirefu kama mtoto wa miaka saba, kimetulia. Moyo ulimruka. Una ina samaki mkubwa anayeitwa mladica, ambaye mvuvi anaweza kumtafuta maisha yake yote na akafa hajamgusa. Ferid alisahau samaki waliogeuka. Alisahau na neno lenyewe.

"Kushoto! Hatua nane, nyuma ya gurudumu! Tupa, Ajna, tupa!"

Ajna akarusha. Ndoano ikazama, uzi ukakazika, fimbo ikapinda. Halafu kutoka chini ya maji ikaja sauti ambayo samaki hana, sauti nyembamba ya mtoto aliyebanwa kidole na mlango, ikapanda, ikakatika pamoja na uzi. Gurudumu la kinu, ambalo halijazunguka tangu vita, liligonga mara moja. Tak.

Ajna alirudi ukingoni haraka, uso umempauka.

"Baba. Ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Bismillahi, Baba. Ulinisemea?"

Na Ferid akamdanganya mwanawe. "Nilisema. Twende nyumbani."

Asubuhi jicho la kulia la Ajna lilikuwa jekundu. Siku ya pili likawa linatoa maji, na yale maji hayakuwa machozi, yalinuka mwani wa mawe ya mtoni. Siku ya tatu kwenye weupe wa jicho kilitokea kijistari cheusi kilichopinda mwishoni. Daktari wa Bihać alimulika, akaandika dawa ya matone, akasema ni vumbi. Ferid alitaka kumkamata koti amtikise. Vumbi lenye kitanzi na ncha!

"Linavuta," Ajna alimwambia wakiwa jikoni, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa mwingine amelala chumba cha pili. "Haliumi sana. Linavuta tu, kama kuna mtu ameshika uzi upande wa pili anaurudisha taratibu."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi utasema wewe? Wewe umekuwa bubu tangu siku ile."

Tak, ikasikika nyuma ya jiko. Wote wawili waliisikia, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Siku ya tano Ajna hakuona tena kwa jicho lile zaidi ya ukungu wa kijani, na la kushoto nalo likaanza kulowa. Mchana huo, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza hata mwenyewe, Ferid alivaa miwani yake ya mtoni humo ndani ya nyumba. Mng'ao ulitoweka kwenye kioo cha dirisha, ukatoweka kwenye sahani zilizooshwa, ukatoweka kwenye beseni la maji lililokuwa karibu na miguu ya Ajna, na ndani ya beseni, ambalo kina chake hakizidi shibiri moja, aliona kina cha bwawa zima, na chini kabisa ya kina hicho mwanamke mwenye nywele zilizolala kuelekea upande mmoja kama majani ya mtoni, ambaye hakuwa akimtazama Ferid hata kidogo, alikuwa akimtazama Ajna, na mkono wake ulikuwa ukikunja kitu kidogokidogo, kunja, vuta, kunja, vuta, kama mvuvi anavyorudisha uzi wake.

Alilipiga beseni teke. Maji yakamwagika sakafuni, na Ajna akapiga kelele akishika jicho.

Jioni hiyohiyo alimpeleka kwa Bi Hasnija. Bi Hasnija ni mwanamke anayewaondolea watu hofu kwa kumimina majini madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kama alivyokuwa mama yake na bibi yake, na husema wazi kuwa sigara itamuua kabla ya jini yeyote. Alimkalisha Ajna kwenye kigoda, akamfunika shuka jekundu, akayeyusha risasi kwenye kikombe cha chuma huku anasoma. Kisha akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha msichana na kumimina.

Risasi ikalia kwenye maji, ikaganda miiba mitupu.

"Umeogopa, mwanangu. Haya, hilo tunaliondoa."

Akamimina mara ya pili, mbele ya kifua. Ikalia, ikaganda duara lenye tundu katikati. Bi Hasnija aligeuza lile duara mkononi. Mara ya tatu alimimina juu ya magoti, na safari hii risasi iliingia majini bila kulia kabisa, moto wote ule ukazama kimya kama jiwe, na harufu ya mwani wa mto ikajaa chumba hadi Bi Hasnija akazima sigara yake mwenyewe.

Alimwita Ferid ukumbini.

"Mimi naondoa hofu. Huyu hana hofu tu, huyu anadaiwa. Mmemtoboa jicho mtoto wa wenye kinu. Nani alikuwa ukingoni?"

"Mimi."

"Ulimsemea?"

Ferid alitazama mlango, nyuma yake mwanawe ameketi chini ya shuka jekundu. "Sikusema. Niliona kivuli, Bi Hasnija, nikadhani ni mladica. Halafu nikamwambia nilisema."

"Ewe mwanamume! Ule mng'ao ni pazia. Mungu ameliweka ili wao wawe na kwao na sisi tuwe na kwetu. Wewe unalifunua kila siku kwa hiyo miwani yako, sawa, ndiyo kazi yako. Lakini ukichungulia nyumba ya mtu si ubishe hodi?"

"Aniachie binti yangu. Achukue langu. Mimi ndiye niliyeona, yeye alirusha tu."

"Usiende kuwaahidi kitu." Alimshika mkono kwa nguvu. "Unanisikia, Ferid? Nitamsomea siku saba. Hawa ukiwapa kitu, wanakipokea kwa namna yao."

"Siku saba atakuwa hana macho."

Ferid akajinasua mkono.

Alimwacha Ajna pale, akaenda kinuni peke yake, jua likiwa limebakiza kidole kimoja juu ya mlima. Safari hii alisema bismillahi, akaisema mara tatu, akajua imechelewa siku tano. Akaingia majini na viatu vyake vya kawaida, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani, baridi ikamkata pumzi, na alipofika nyuma ya gurudumu akainamisha uso wenye miwani mpaka ukakaribia kugusa maji, na walikuwapo. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe la kusagia lililozama. Mapajani mwake alikuwa na mtoto, na kwenye jicho la kulia la mtoto yule ilining'inia ndoano yenye manyoya ya kahawia ambayo Ferid aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akasifiwa na Ajna kwa kuifunga vizuri, na mtoto alikuwa ameacha kulia, akihema tu, kama wanavyohema watoto waliolia siku nyingi bila kusikilizwa.

Ferid alilia. Aliwalilia wote wawili, mtoto huyu na wake.

"Mama," alisema, kwa kuwa hakujua neno jingine la kumwita, "kosa ni langu. Aliyeona ni mimi. Nakuomba, chukua jicho lililoona, umwachie mwanangu lake."

Mwanamke akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Ferid kuliko hasira yoyote. Mkono ukapanda kutoka chini, ukamvua miwani polepole. Mng'ao ukarudi, maji yakawa bati tupu la jioni, na vidole baridi asivyoviona vikamgusa juu ya kope ya kulia.

Ajna alipona usiku uleule. Alitoka kwa Bi Hasnija macho safi, akila mkate na kulalamika kuwa amefunikwa shuka linalonuka tumbaku. Jicho la kulia la Ferid lilikuwa zima kwa kulitazama, ila halikuona kitu. Aliona ni bei nafuu. Aliswali rakaa mbili za shukrani, na akakiri kwa Ajna uongo wake, na Ajna alimkasirikia siku mbili kisha akamkumbatia.

Wiki ya tatu msichana alirudi mtoni. Ferid hakumzuia. Ajna alichagua maji ya kina kifupi, mbali na kinu, asubuhi kweupe, na akamwahidi baba yake kuwa atasema bismillahi mwenyewe kabla ya kutia uzi kinywani.

Ferid alibaki jikoni akikoroga kahawa. Ndipo jicho lililokufa likapata mwanga. Ulikuwa mwanga wa kijani, hafifu, na mwanzoni alifurahi, akadhani anapona, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja ili alijaribu. Aliona changarawe. Aliona trauti akipita karibu sana, ubavu wenye madoa ukijaza dunia nzima. Aliona anga kutoka chini, duara linalotetemeka, na akaelewa, huku kahawa ikimwagika juu ya jiko, kwamba lile jicho halijafa, kwamba limepata mwenyewe, kwamba mtoto wa kinuni sasa anaona kwalo, na kwamba mtoto yule hayuko kinuni tena, anatembea juu mtoni, anakwenda bila haraka, mpaka mbele yake pakatokea viatu viwili vya kuvulia, kimoja kikiwa na kiraka cha mpira ambacho Ferid alikibandika mwenyewe kwa gundi.

Akakimbia. Jicho moja liliona barabara, ua, mbwa wa jirani. La pili liliona mkono mdogo mweupe ukishika kamba ya kiatu, ukiichezea, na kisha macho yakipanda magotini, kiunoni, hadi kwenye uso wa Ajna unaotetemeka juu ya maji, yakakaa hapo, hayataki kuondoka. Hayakumtazama kwa kisasi. Yalimtazama kwa jicho la Ferid, lililompenda msichana yule tangu alipozaliwa, na kwa hiyo yalimtaka.

"Ajna!" alipiga kelele kutoka barabarani, sauti ikampasuka. "Ajna, toka majini!"

Kwa jicho la mtoni alimwona Ajna akisikia. Alimwona akigeuka kuitafuta sauti ya baba yake. Hakugeukia barabara, maana sauti ilimfikia kutoka chini ya maji. Alivua miwani yake ya njano, akainama, akasogeza uso karibu na maji.

"Baba?" alisema. "Uko huku?"