Sabuni ya Limau na Mashahidi Ishirini

Ndugu wasomaji, kaeni wima, futeni pua, zimeni simu. Ninalolileta mbele yenu leo ni penzi zito lililogharimu maisha mia moja na arobaini kwa siku nne. Msianze kulia. Marehemu wote walikuwa wadogo kuliko kichwa cha pini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Mimi ni shahidi mwaminifu wa mambo haya, na sitaongeza chumvi hata chembe.

Yalianzia chini ya jengo la ghorofa tisa, Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, watu wakisukumana mbele ya lifti kama vile juu kunagawiwa pepo. Katikati yao alisimama msichana aliyevaa gauni la samawati lenye vifungo vya njano, koti jeupe begani, na chupa kubwa ya maji ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kazini walimwita Mama Viroboto. Hakuwa na mume wala mtoto, ila alifuga viroboto wa maji zaidi ya elfu moja. Usijikune, msomaji. Hawa hawaumi mtu. Ni wadudu wadogo wa ziwani, wenye miili ya kung'aa kama kioo, hata ukiwatazama kwa darubini unaona moyo wao ukidunda. Kazi yake ilikuwa kuwaonjesha sumu kabla binadamu hawajaionja.

Huyu dada aliogopa lifti kuliko kifo. Kila siku alipanda ngazi, lakini siku hiyo ngazi zilikuwa zinapakwa rangi. Mlango ukafunguka, na kutoka shimoni chini ya lifti akaibuka kijana mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa, grisi shavuni. Kiwiko chake kikagonga chupa. Maji yakamwagika, naye akayakinga kwa viganja viwili.

"Samahani, dada! Mbona... mbona yanatembea?"

"Usiyamwage! Ni watoto wangu hao!"

"Watoto? Mikononi mwangu? Hata jina lako sijalijua!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mikono yako ina grisi! Uchafu unawaua hawa! Simama hivyo hivyo, usipumue."

Akatoa kibomba kidogo cha kioo mfukoni, akainama, akawanyonya mmoja mmoja kutoka viganjani mwa kijana. Walikuwa watatu. Alipomaliza, fundi wa lifti alikuwa bado hajapumua, na sababu haikuwa viroboto.

Wiki iliyofuata simu zikaanza.

"Halo, Mama Viroboto. Watoto wameamkaje?"

"Wazima. Wanakusalimia."

"Na mama yao?"

"Mama yao yuko kazini. Kashughulikie lifti yako, Fundi."

"Lifti ni nzima, kipenzi. Mgonjwa ni mimi."

Baada ya mwezi mmoja alikuwa akipanda hadi maabara ya ghorofa ya tano kila mchana, mikono imesuguliwa hadi imepauka, aketi kwenye kigoda na kutazama. Akafundishwa kila kitu. Vikombe ishirini na vinne, kila kimoja na watoto watano wa siku moja. Vikombe ishirini hutiwa sumu, kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Vinne vya mwisho havitiwi kitu ila maji safi ya ziwa, maji yale yale mji mzima unayokunywa.

"Hivi ni vya nini, basi, kama havina sumu?"

"Hawa ishirini ndio mashahidi wangu," alisema. "Wakiishi, najua maji ni mazima na mikono yangu ni safi. Wakifa wao, Fundi, hakuna neno langu hata moja la kuaminiwa."

Ikaja Jumatatu ya balaa. Mama Viroboto alikuwa na mafua, pua imeziba kama bomba lenye kutu. Alipewa kazi nzito: dawa mpya ya kuua magugu, iliyotakiwa kumwagwa ziwani. Akapanga vikombe, akatia dawa, akaweka alama, akafunga kabati. Saa arobaini na nane.

Jumatano saa nne asubuhi akafungua. Akakizungusha taratibu kikombe chenye dawa nyingi, akahesabu sekunde kumi na tano. Hakuna aliyeogelea. Sawa, alilitarajia hilo. Chenye dawa kidogo, hakuna. Akakunja uso. Akakishika kikombe cha kwanza cha mashahidi, akazungusha, akahesabu.

Watano walikuwa wamelala chini kama vumbi.

Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu. Cha nne alikizungusha mara mbili, akahesabu upya. Akachungulia kwenye darubini akitafuta moyo unaodunda. Palikuwa kimya ndani ya kioo kile.

Juu ya meza kulikuwa na glasi yake mwenyewe ya maji, ya bombani, nusu ameshakunywa. Aliitazama kama mtu anayetazama nyoka kitandani.

Simu ya kwanza alimpigia mama yake.

"Mama, umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa, nimepikia, nimeoga. Kwani vipi?"

"Usinywe tena. Hata tone, mama."

"Basi nitachemsha."

"Sumu haitoki kwa kuchemshwa!"

Mama akasema kwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia, "Mwanangu, nimekunywa glasi tatu."

Simu ya pili alimpigia Fundi. Akamweleza huku akilia. "Fundi? Upo?" Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokewa. Akapiga mara tisa. Amekimbia, aliwaza. Kaogopa maji, kaogopa na mimi. Ndio wanaume hawa.

Mkuu wa maabara, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani, alisikiliza akiwa wima. "Natoa tangazo sasa hivi, watu wasinywe," alisema. "Rudia kipimo. Ijumaa saa sita, mashahidi wakifa tena, nafunga maji ya mji wote. Hospitali na shule pia."

Ilipotimu saa sita, Jumatano hiyo hiyo, mlango ukafunguliwa taratibu. Fundi alisimama hapo, jasho limelowesha ovaroli, na mkononi ana chupa ya sabuni ya kijani.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Jumatatu asubuhi ulipoitwa na Mkuu, nilikuoshea vikombe vyote. Ulisema uchafu unawaua. Nikaosha kwa sabuni ya limau, nyingi, nikasuuza kidogo tu ili harufu ibaki. Nilitaka ufurahi."

Mama Viroboto alimpokonya ile chupa ya sabuni. "Saa mbili, Fundi! Saa mbili umekaa na neno hilo, na mama yangu amekaa jikoni anasubiri kufa!"

"Nilikuwa kwenye ngazi. Nilipanda na kushuka, nikaogopa. Nilijua nikisema nitakupoteza."

"Umeshanipoteza. Toka!"

Mkuu akakohoa. "Neno la anayekupenda si kipimo, binti. Huenda ni sabuni, huenda ni ziwa. Thibitisha."

Kwenye rafu ya juu vilibaki vikombe vinne alivyoviosha Fundi, ambavyo havikutumika. Mama Viroboto akaviweka kushoto. Kulia akaweka vinne vipya, akavisuuza kwa maji ya ziwa mara sita. Maji ni yale yale, watoto ni wa kundi moja, watano watano. Akafunga kabati, na hofu ikaanza kuhesabu saa.

Mjini watu walisimama madukani na ndoo tupu. Mama alipiga simu kila baada ya robo saa kuuliza kama kuumwa kisigino ni dalili. Na Fundi alikaa kwenye ngazi nje ya maabara siku mbili, saa zote za kazi. Akipita, dada alimruka kama ndoo ya deki.

Ijumaa saa sita kasorobo alisimama mbele ya kabati, akashindwa kulifungua. Akaenda mlangoni.

"Una saa?"

"Ninayo."

"Njoo unihesabie. Usiguse kitu."

Kushoto, kikombe cha kwanza. Fundi akahesabu hadi kumi na tano. Wafu. Cha pili, cha tatu, cha nne, wafu. Kulia, cha kwanza. Akazungusha.

"Moja. Mbili. Tatu..." Fundi alihesabu, macho kwenye saa. "Tisa. Kumi..." Watano walikuwa chini, hawatikisiki. "Kumi na mbili. Kumi na tatu..."

Mmoja akaruka. Akaruka tena, kwa vile vipapasio vyao virefu vya kichwani, hopu, hopu, hopu, kama mtoto aliyetolewa darasani. Wa pili akafuata. Vikombe vinne, mashahidi ishirini, wote hai.

Mama Viroboto aliinua glasi ya maji, akainywa yote mbele ya Mkuu, kisha akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi. Fundi akaketi kando yake, mbali kidogo.

"Ungeweza kunyamaza," alisema dada. "Nisingejua milele."

"Ungeyaogopa maji milele. Bora uniogope mimi."

"Nyoosha mikono." Akaikagua, kucha kwa kucha. "Ukinioa, vyombo vya nyumbani utaosha wewe. Vya hapa, ukivigusa nakuua."

"Hiyo ni... umenikubali? Mbona hata sijakuomba?"

"Basi omba, mpenzi. Nina mafua, siwezi kukaa sakafuni siku nzima."

Akaomba. Jioni hiyo walishuka pamoja kwa lifti, dada amefumba macho, amemshika Fundi mkono.

Hadithi ingeishia hapo kwa heshima zote, kama dada asingeuliza, walipofika ghorofa ya pili, "Hivi nani alikufundisha kuosha vyombo vya watu kwa siri?"

Na kama Fundi angejua kudanganya.

Njia ya mwongo ni fupi. Dada ana mdogo wake wa kike, aliyekuwa nyumbani likizo kutoka shule ya bweni. Mdogo huyo alimwambia Fundi kwamba dada yake hulainika kwa mwanamume anayeosha vyombo, tena kwa sabuni nyingi, isuuzwe kidogo. Alidhani ni vya jikoni. Hapana, hiyo si kweli. Alijua ni vya maabara, ila alidhani itakuwa kichekesho. Kisha Jumatano akamwona mama yake ameketi jikoni, anaitazama glasi tupu, na hakusema kitu kwa siku mbili nzima, kwa sababu aliogopa kuliko wote.

Ndiyo, dada. Ni mimi. Vyombo vyote vya jikoni nimeshaviosha, na nimevisuuza mara sita.