Nondo Isiyopoa

Siku ile Nzisa alikuwa akipukuchua mahindi nje ya jiko lake huko Kola, Machakos, jua limetulia juu ya matuta ya shamba, kuku wakimzunguka wakingojea punje zinazoruka. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Februari, mwaka wa 1999. Mumewe Mwanzia alikuwa kazini Athi River, na alitarajiwa nyumbani Jumamosi kama kawaida yake.

Mwanzia alifanya kazi katika kiwanda cha chuma, kwenye tanuri. Kila alipokuja nyumbani shati lake lilikuwa na vitundu vya cheche, na Nzisa alivitia viraka huku akisimuliwa. Vyuma chakavu huletwa na malori: injini za magari, vitanda vilivyovunjika, majembe yaliyoisha makali. Vyote hutupwa tanurini mpaka viwe uji mweupe ambao jicho haliwezi kuutazama bila miwani ya kazi. Uji huo humiminwa kwenye kalibu, na ukiganda huwa mche mnene wa chuma. Mche nao hupashwa moto tena hadi uwe mwekundu, kisha hupitishwa katikati ya magurudumu mazito, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, ukirefuka kama donge la chapati linalosukumwa, mpaka itoke nondo ya kujengea nyumba. Mwanzia alipenda kuyaeleza hayo. Aliyaeleza kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

Alasiri, Onesmus akaingia uani. Nzisa alimjua vizuri. Alikuwa zamu moja na Mwanzia, na Krismasi iliyopita alikuwa amekula hapo. Alikuwa bado na buti za kiwandani. Hakusalimia.

"Onesmus? Mbona uko peke yako? Mwanzia ako wapi?"

"Kaa chini, shemeji."

"Si nimekaa. Sema."

Alisema akiyatazama mahindi. Saa nne asubuhi, kati ya vyuma vilivyotupwa tanurini, palikuwa na bomba lililozibwa pande zote mbili, na ndani yake kulikuwa na maji. Bomba likalipuka. Jukwaa likatikisika, na Mwanzia aliyekuwa amesimama ukingoni akaanguka.

"Wamempeleka mochari gani?" Nzisa aliuliza.

Onesmus alitikisa kichwa. "Hakuna mwili, shemeji. Hata kifungo cha shati hakuna."

Chuma kile kilikuwa kimemiminwa kama siku nyingine yoyote. Meneja alisema kikigandia ndani, tanuri limekufa. Wenzake Mwanzia walipiga magoti wakaomba mche mmoja tu, wa kupeleka nyumbani ukazikwe. Meneja akakubali. "Nitauleta mimi mwenyewe," Onesmus alimwahidi Nzisa.

Alhamisi alirudi mikono mitupu. Zamu iliyofuata haikuwa imeambiwa kitu. Miche yote ilikuwa imepitishwa kwenye magurudumu, ikawa nondo mia nne na zaidi, zikafungwa mafungu, zikapakiwa kwenye malori. Hakuna aliyejua malori yalielekea wapi.

Basi wakazika jeneza lenye koti lake la Jumapili. Watu walilia. Kalunde, binti yao wa miaka sita, alilia hadi akashikwa na kwikwi. Nzisa hakutoa hata chozi.

"Nimezika koti," alimwambia Onesmus. "Mtu wangu mmemtawanya."

* * *

Mwezi wa Julai ukafika na baridi yake, ile ya Machakos inayoshinda kutwa bila kuonyesha jua. Shule ya msingi ya hapo ilikuwa ikijenga darasa jipya, na wazazi wa kike walipangiwa zamu za kuteka maji ya mjengo. Nzisa akaenda na mitungi yake miwili, kwa kuwa Kalunde alikuwa darasa la kwanza.

Fungu la nondo lilikuwa limelazwa kando ya mchanga. Asubuhi ile umande ulikuwa umezishika zote, zikawa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa kavu kabisa. Na juu yake, toka mwanzo hadi mwisho, mijusi walikuwa wamejipanga, wametulia tuli, matumbo yao yamegusa chuma.

Nzisa akaweka mtungi chini. Akanyoosha mikono juu yake.

Joto lile halikuwa la jua, maana jua halikuwepo. Lilikuwa kama joto la blanketi ambalo mtu ametoka chini yake sasa hivi.

Alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Akainama mpaka sikio lake likaikaribia nondo. Mijusi hawakukimbia.

"Mwaki," ikasema.

Moto. Neno la kwao la Kikamba, moja tu, limesemwa na koo lililokauka. Lakini sauti ile aliijua. Alikuwa amelala kando yake miaka tisa.

Akina mama wengine walikuwa wanapanda kutoka mtoni wakicheka. Nzisa hakuwatazama. Aliinua mtungi wake, akaumimina wote juu ya nondo. Ikachachatika kama chuma kilichotoka tanurini, ingawa juu ilikuwa vuguvugu tu. Mvuke ukapanda. Alimimina na wa pili.

"Bado," ikanong'ona. "Bado."

Wiki nzima alikwenda, hata siku ambazo hazikuwa zamu yake. Alingoja mafundi waende chakula cha mchana, akamimina maji, akakaa hapo chini akazungumza. Alimweleza Mwanzia kwamba Kalunde ameng'oka meno mawili, kwamba mbaazi zimeshika maua, kwamba yule ndama alikufa. Jibu lilikuwa lile lile. Hakuwahi kuulizwa habari ya mtoto wala ya nyumba. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Aliyekuwa mle ndani hakuwa na nafasi ya kumkumbuka. Alikuwa anaungua tu, tangu siku ile, saa zote.

Jumatatu iliyofuata alifika akakuta mahali pale patupu.

Fundi mkuu, mzee mmoja aitwaye Wathome, alikuwa amekaa juu ya tofali, amejifunga kitambaa mkononi. Alimwona Nzisa, akainuka taratibu. Mbele yake, juu ya mchanga, kulikuwa na kipande cha nondo kisichozidi urefu wa mtu.

"Hii ndiyo ulikuwa unamwagia maji, Mama Kalunde?"

"Ndiyo, mzee."

"Tuliikata Jumamosi, vipande vinne. Imenivunjia msumeno mara tatu." Alitazama pembeni, akashusha sauti. "Mimi niko na miaka thelathini kwa mjengo. Chuma hakigunangi. Hii iliguna. Ni nani?"

"Ni bwanangu."

Wathome alivua kofia. Hakuuliza zaidi, maana habari za jeneza lenye koti zilikuwa zimeenea Kola nzima.

"Na hivyo vipande vingine vitatu?" Nzisa akauliza.

Mzee aliinua macho polepole mpaka juu ya ukuta wa darasa, kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha. Zege lilikuwa bado bichi, la kijivu.

"Tulimwaga hiyo Jumamosi," alisema. "Sikujua, mama. Ngai wakwa, Mungu wangu, sikujua."

Nzisa akautazama ukuta. Vipande vitatu ndani ya ukuta. Nondo mia nne na ushei barabarani, madarajani, kwenye maghorofa ya watu asiowajua. Mtu mmoja.

"Nisaidie na hiki," akasema mwishowe.

Walikifunga kwa magunia yaliyolowa, wakakibeba wawili, yeye mbele na mzee nyuma. Ilikuwa adhuhuri. Walipofika lango la shule magunia yalikuwa makavu. Walipofika kwenye mti wa mkwaju yalikuwa yanatoa moshi. Walipoingia bomani, Wathome alichukua jembe, akachimba kando ya kaburi la koti, mfereji mrefu, kina cha mkono. Kisha wakakishusha.

Mzee akageuka kuchukua udongo. Akasikia harufu ya ngozi inayoungua.

Nzisa alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mkono wake wa kulia umezama mferejini hadi begani. Hapigi kelele. Machozi yanamtiririka. Mkono ule unavutwa. Mzee aliona bega likishuka. Kidogo. Kidogo tena.

"Toa mkono!"

"Amenishika," alinong'ona. "Mwache anishike."

Wathome alimkamata kiunoni, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka chali wote wawili. Mzee akachungulia mferejini. Kulikuwa na nondo tu. Akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa baridi kama chuma chochote cha Julai.

Akaifukia haraka haraka, akiomba kwa sauti.

Katika zahanati, muuguzi alimwosha Nzisa kidonda cha kifundo cha mkono. Alipomaliza alikaa akakitazama. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili.

"Ni nani alikushika hivi?"

Nzisa akaufunika mkono kwa leso.

Kidonda kilipona, kovu likabaki. Kipande kile hakikunena tena, na watu wa Kola waliojua wakasema Mwanzia amepumzika. Darasa likamalizwa, likapakwa rangi, Kalunde akaanza kusomea humo.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili baada ya misa, jirani yake Loise alikuwa akimsaidia kuosha vyombo vya wageni nje ya kanisa. Nzisa alipandisha mikono ya sweta. Loise aliona kovu la kulia, lililozoeleka. Kisha akaona mkono wa kushoto, ule ambao haukuingia mferejini kamwe. Alama za vidole vinne na gumba, nyekundu, zimejaa malengelenge mabichi.

"Nzisa! Hii umeungua lini?"

Nzisa alitazama upande lilipo lile darasa, kisha akautumbukiza mkono kwenye beseni la maji baridi. Maji yakachachatika.