Mvukuto wa Kanisa la Mlowezi

Ikupa alikuwa bado hajaweka mguu kwenye kanyagio, mvukuto ukajaa wenyewe.

Aliuona ukinyanyuka taratibu nyuma ya kinanda, ngozi yake mpya ikivimba, kisha ukatulia. Akajiambia ni upepo. Kanisa la misheni ya Mlowezi halikukosa upepo. Wajerumani walilijenga kilimani, nje ya mji wa Iringa, kwa mawe na matofali ya kuchoma, na paa wakaliinua juu kiasi kwamba mtu akikohoa altareni, kikohozi chake humrudia kikiwa kimekua. Kinanda kilikaa roshani, juu ya mlango mkubwa, mabomba yake ya bati yakipanda mpaka karibu na dari. Mkanyagaji wa mvukuto alikaa nyuma yake, kwenye uchochoro wa giza, asione wala asionwe. Hiyo ilikuwa nafasi ya Ikupa tangu aolewe. Mumewe, Joachim Kalinga, alipiga, yeye akakanyaga, na waumini wakamsifu Joachim.

Kisha ngozi za mvukuto zikapasuka, na kwa miaka kadhaa kinanda kikawa kimya. Mwaka huo wa sabini na nne zikaja habari kwamba askofu angefika Mlowezi kutoa upadre, na Joachim akatangaza kuwa kinanda kitalia. Alikipenda kinanda kile kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na tusimsingizie, hakuwahi kuficha. Ngozi akaipata upesi. Alisema amepewa na Nkuba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Joachim akagonga ubao, ishara yao ya kutaka upepo. Ikupa akakanyaga. Sauti ya kwanza ilitoka nzuri, nene, lakini chini yake kulikuwa na nyingine, mluzi mwembamba, kama wa mtu anayevuta pumzi kwa shida. Kisha harufu ikaja, ya ubani na manyoya ya mbuzi yaliyoungua. Ikupa aliijua harufu ile. Akajilazimisha kutoijua, akaendelea kukanyaga.

Miezi michache nyuma, mdogo wake Atuganile aliletwa kutoka Tukuyu akiwa na jini kifuani. Lilimbana pumzi mpaka kucha zikageuka rangi. Padre alimwombea, hospitali wakampa dawa za pumu, na mwisho Ikupa akampeleka kwa siri Mlandege, mjini Iringa, kwa Bi Rukia, mganga ambaye wazee wake walitoka Pwani. Bi Rukia akalihamishia jini ndani ya mbuzi mweusi, akampiga mbuzi chapa ya moto begani, umbo la mwezi mwandamo. Ikupa mwenyewe ndiye aliyemshikilia, moshi wa manyoya ukimwingia machoni. Masharti yalikuwa machache. Mbuzi apelekwe mbuga za Usangu, aachwe huko akiwa hai. Asichinjwe, maana ngozi yake ndiyo nyumba ya jini sasa. Na mgonjwa asimpeleke mwenyewe. Ampeleke mtu wa nyumbani mwake, anayemwamini.

"Usiwe na wasiwasi," Joachim alisema siku ile. "Nitamfikisha."

Alipanda lori la wafanyabiashara wa mpunga kwenda Madibira, huko Usangu, akarudi na tope jeusi kwenye viatu, akasimulia jinsi mbuzi alivyopotelea majanini bila kugeuka nyuma. Atuganile akapona. Akaanza tena kuimba akichambua mboga, na Ikupa alimshukuru mumewe mpaka akamchosha.

Sasa aliporudi nyumbani kutoka mazoezini, alimkuta jirani yao Chiku amemlaza Atuganile mkekani, akimpepea kwa upande wa khanga. Chiku alinong'ona kana kwamba kuna mtu mlangoni.

"Kinanda kikianza, anaanza. Kikinyamaza, anatulia. Nimeangalia vizuri, dada, sikutanii."

Kesho yake mchana Ikupa aliwahi kanisani kabla ya mumewe. Akawasha mshumaa, akaingia uchochoroni, akapiga magoti chini ya mvukuto na kuinua kunjo la ngozi, na pale, ndani kabisa, mahali ambapo mkono tu hufika, mwanga ukaangukia kovu la mwezi mwandamo, chapa ileile aliyoiona ikipigwa, na alipokuwa bado ameduwaa akiitazama, ngozi ikaanza kupanda na kushuka, polepole, ikivuta na kutoa, vilevile kama kifua cha mdogo wake kilivyopanda na kushuka jana yake mkekani, mpaka ule mwali wa mshumaa ukawa unainama kuelekea kwenye mvukuto kila ulipovuta.

Joachim alimkuta amekaa kwenye ngazi za roshani. Alipoambiwa kuhusu chapa, hakubisha. Alisema alimchinja mbuzi kwa Nkuba, maana ngozi nyingine zote alizoziona zilikuwa na matundu ya kupe, na ile ilikuwa safi. Alidhani ndani ya nyumba ya Mungu jini lisingekuwa na nguvu.

"Nilikuwa nakanyaga pumzi ya mdogo wangu," Ikupa alisema. "Kwa mguu wangu huu. Na wewe ulijua ngozi ni ya nani."

"Mama Roza, askofu akiondoka tu nitaing'oa."

"Atuganile atakuwa amekufa."

Joachim akaenda altareni, akaweka mkono juu ya kitambaa cheupe, akaapa kwamba Ikupa hatakanyaga tena. Naye akamwamini. Ndiyo, akamwamini tena. Alikuwa hajajifunza kuishi naye kwa namna nyingine.

Akapanda basi kwenda Mlandege. Bi Rukia alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia aipasue ngozi ile.

"Ila ujue, mwanangu, jini litamwingia aliyevunja sharti. Harufu ya mkono wake linaijua."

Njia nzima ya kurudi Ikupa alitafuta dawa nyingine kichwani. Alikuwa mke wa mtu yule, amemzalia, amemfulia. Labda angemwomba Bi Rukia atafute mbuzi wa pili, labda padre angekubali kuifukiza ngozi, labda Joachim angetubu mwenyewe. Basi likamshusha chini ya kilima, kwenye ukungu wa alasiri, na kabla vumbi halijatua akasikia kinanda.

Alikimbia. Alipita kando ya nyumba yake, akamsikia Chiku ndani akilitaja jina la Atuganile tena na tena, hakusimama, akaingia kanisani ambamo sauti ilijaa mpaka mawe yakatetemeka, akapanda ngazi za roshani huku ule mluzi mwembamba ukimzunguka kwenye matao, ukipungua, ukipungua, na alipofika juu akaona uchochoro hauna mtu na mvukuto unapanda na kushuka peke yake. Joachim alikuwa akipiga. Uso wake ulijaa furaha.

"Niliapa wewe hutakanyaga," alisema bila kugeuka. "Tazama. Hakuna anayekanyaga."

Ikupa akachukua kisu cha kupunguzia mishumaa, akakizamisha penye ile chapa, akavuta mpaka chini.

Upepo ulitoka ukiwa wa moto, wenye harufu ya ubani. Mabomba yakanyamaza. Chini ya kilima Chiku akapaza sauti kwamba Atuganile ameamka, anaomba maji. Ikupa akakaa chini akalia, kwanza kwa furaha, kisha kwa uchungu, kwa sababu mumewe alikuwa amejishika kifua na kutoka kwake ulikuja mluzi mwembamba.

Askofu alikuja, na watu wakaimba bila kinanda. Joachim alilala chumbani, kucha zimegeuka rangi. Bi Rukia alifika kwa mlango wa nyuma, akafanya kazi yake, na jioni mbuzi mwingine mweusi alikuwa amefungwa uani, chapa mbichi begani. Masharti yakawa yaleyale. Atuganile alikuwa amesharudi Tukuyu, na binti yao Roza alikuwa shule ya bweni. Pale nyumbani alibaki mtu mmoja tu wa kumpeleka.

Joachim akamtazama mkewe akifungua kamba.

"Mama Roza, utamfikisha?"

"Usiwe na wasiwasi," Ikupa akamjibu, kwa sauti ileile aliyoitumia Joachim siku ile. "Nitamfikisha."

Akatoka na mbuzi. Joachim alibaki akisikiliza kwato zikishuka kilima, na kwa muda wote ambao Ikupa hakuwapo, hakuthubutu kuvuta pumzi kubwa.